Wazee watano hawawezi kutia sahihi kwa niaba ya jamii

Ndugu, umeuliza kama wazee watano waliokuja Nairobi kuonana na mwekezaji wanaweza kutia sahihi mkataba wa hewa kaboni (wa kuuza haki za kaboni inayohifadhiwa na ardhi yenu) kwa niaba ya jamii nzima ya wafugaji. Hapana. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii, 2016, kinataka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waukubali, tena kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo.

Anzeni na usajili wa ardhi ya jamii. Mkutano wa jamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, kisha huandaliwa orodha ya wanajamii wote. Hapa ndipo mambo huharibika: wanaandikwa wenye maboma tu, wanawake na vijana wanaachwa, halafu theluthi mbili inahesabiwa kwa orodha pungufu. Mwandikeni kila mtu mzima, jina na nambari ya kitambulisho. Anayefanya kibarua mjini Nairobi, mtaa wa Kayole, bado ni mwanajamii. Orodha hiyo, jina la jamii, kumbukumbu za mkutano na kanuni zenu ndizo hupelekwa kwa msajili. Kabla ya hati ya umiliki kutoka, kaunti inawashikia ardhi kwa dhamana, na haina ruhusa ya kuiuza.

Kuhusu pesa, marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka kwa miradi ya ardhi. Swali zito ni gharama zipi zinakatwa kabla ya kuhesabu asilimia hiyo. Zitajwe moja moja kwenye mkataba, na usomwe kwa lugha ya nyumbani siku kadhaa kabla ya kura.