Kusoma muziki wa kisasa kwenye kitivo cha klasiki

Mwanafunzi aliyetoka kwenye bendi akifeli kitivo cha muziki wa klasiki, vidole vyake mara nyingi havina kosa. Kinachomwangusha ni karatasi: kusoma noti papo hapo, na somo la harmonia, yaani jinsi sauti zinavyopangwa kusikika pamoja.

Kusoma noti kunataka dakika 15 kila siku, kipande kipya kila mara, taratibu, bila kusimama unapokosea. Anayerudi kurekebisha anazoea kurudi, na kwenye mtihani mapigo hayamngoji.

Harmonia ndiyo yenye ugomvi. Utaandika sauti nne na kukatazwa kuhamisha sauti mbili pamoja zikiwa zimeachana kwa tano kamili (umbali wa noti ya kwanza hadi ya tano ya ngazi), mfano C na G kwenda D na A. Sauti zilizoachana hivyo hushikana hadi zisikike kama moja, ilhali mtindo wa klasiki unataka kila sauti ijitegemee. Mpiga gitaa la roki anautafuta mshikamano huohuo makusudi. Kubishana na mwalimu ni kupoteza muda: kwenye zoezi fuata sheria, kwenye uchambuzi wa wimbo eleza kwa nini haihusiki.

Chukua kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za gitaa D, C na G zinazozunguka wimbo mzima. Wengi huona shapu moja ya F (F iliyopandishwa nusu toni), ambayo ni alama ya G meja, na kuandika kwamba wimbo uko kwenye G meja. Sikiliza besi na mwisho wa kila mstari wa mwimbaji. Vikitua kwenye D, basi nyumbani, yaani noti ambayo wimbo unapumzikia, ni D, na hiyo C ni noti ya saba ya ngazi ya D iliyoshushwa nusu toni. Unapoandika wimbo kutoka kwenye rekodi, anza na besi, punguza kasi hadi nusu, na utaje toleo la rekodi na dakika na sekunde, mfano 1:42, kwa sababu noti hazionyeshi mlio wa gitaa wala mwangwi uliowekwa studio.

Kwa onyesho la mtihani, omba mapema vigezo vya maksi kwa maandishi, na uulize kama vipaza sauti, wenzako wa bendi na nyimbo zako mwenyewe vinaruhusiwa. Lipe jopo la watahini karatasi ya melodi na kodi inayoonyesha wapi unabuni papo hapo; wasipojua, watadhani umepotea. Ukumbi wa okestra huacha sauti ikivuma karibu sekunde 2, kwa hiyo dramu na besi hugeuka uji. Inua spika ya besi kutoka sakafuni, dramu zipigwe kwa brashi badala ya vijiti, na wakati wa kujaribu sauti mweke mtu asikilize kwenye viti vya jopo.