Maswali ya Wasomaji: Utabiri wa Siku Tano Wakati wa Masika

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi huuza mitumba Gikomba, kwenye vibanda vilivyo karibu na Mto Nairobi. Mwezi wa Aprili utabiri wa siku tano ulitangaza mvua kubwa katika nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, Nairobi ikiwemo. Nililipa mkokoteni nikahamisha marobota yangu, lakini jua likawaka siku mbili mfululizo. Nilipoyarudisha tu, mvua ikanyesha usiku kucha. Je, tuuamini utabiri huu au tuachane nao?
Msomaji, Gikomba

JIBU: Dada yetu, pole sana kwa hasara hiyo. Tunakushauri uuamini, ila uuombe kile tu unachoweza kukupa. Eneo lililotajwa ni kubwa mno, kwani linaanzia Nairobi na Kiambu na kufika Nyeri, Embu na Meru, na mvua ikinyesha katika sehemu zake nyingi ndani ya siku hizo tano, utabiri umetimia hata kama kibanda chako hakikupata tone.

Mvua za masika, zinazonyesha kati ya Machi na Mei, huletwa na ukanda wa mawingu unaovuka ikweta kuelekea kaskazini, ukilishwa na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hali hiyo pana huonekana siku kadhaa mapema. Lakini wingu lenyewe la radi hukua kwa joto la mchana, likamwaga maji alasiri au usiku, na laweza kulowesha Lang'ata likaiacha Kasarani kavu. Hakuna mtaalamu awezaye kukutajia mtaa siku tano kabla. Ndiyo maana vituo vikubwa havitegemei hesabu moja: kituo cha Ulaya cha utabiri hurudia hesabu zake mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya mwanzo, ili kuona matokeo yanakubaliana kiasi gani. Kwa kawaida hukubaliana zaidi katika siku za mwanzo, kisha huachana kadiri siku zinavyosonga mbele.

Kwa hiyo utabiri wa siku tano uutumie kujiandaa: tafuta mahali pa kuweka marobota na uelewane na mwenye mkokoteni. Uamuzi wa kuhamisha uufanye kwa taarifa ya kila siku inayotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, kwa sababu taarifa mpya huondoa ile ya zamani.

Kuna jambo linalotutia wasiwasi zaidi kuhusu mahali ulipo. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hivyo mvua iliyonyesha huko juu yaweza kuujaza mto ilhali mbingu ya Gikomba ni nyeupe. Mwangalie jirani wa juu kabla ya kuangalia mawingu yako. Mafuriko ya Aprili 2024 yalisomba nyumba za watu Mathare, na mto hauna subira usiku. Tahadhari ikitolewa, tafadhali usilale kibandani kulinda mali.

SWALI: Tahadhari husema "zaidi ya milimita 20 kwa saa 24." Hizo ni nyingi kiasi gani?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 50 basi hupokea lita 1,000 kwa milimita 20. Zikinyesha polepole mchana kutwa, shamba huzinywa. Zikimwagika kwa saa moja juu ya lami na mabati, hukimbilia mitaroni zote kwa pamoja, na mtaro uliozibwa na mifuko ya takataka hufurika papo hapo. Zibueni mtaro wenu wakati kungali kukavu.