Jiwe la nusu tani, trekta dogo, mtu mmoja

Kuhamisha jiwe la nusu tani kwa trekta dogo, peke yako unaweza, ila usilibebe, liburute. Jiwe la sentimita 60 kwa 60 kwa 50, kama ni la granite, lina karibu kilo 490. Likining'inia kwenye mikono ya nyuma ya trekta dogo, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki.

Tafuta bati nene lililokunjwa ncha ya mbele, uliingize chini ya jiwe. Mtaimbo wa mita 1.5, egemeo likiwa sentimita 15 kutoka ncha, huzidisha nguvu mara 9: ukikandamiza kwa kilo 30 unapata 270, na kuinua ukingo mmoja kunadai nusu tu ya uzito. Kila ukipata nafasi, chomeka kipande cha mbao kwa fimbo, si kwa vidole.

Mnyororo wa kuvuta bati ufungwe kwenye ndoano ya kuvutia ya trekta, chini ya usawa wa ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma. Hapa ndipo watu hufia. Ukifunga juu na jiwe likagoma, matairi hayazunguki. Trekta lenyewe ndilo huinuka mbele na kukupindukia kabla mguu haujafika kwenye klachi. Kamba ya nailoni achana nayo: hunyumbuka, na ikikatika hurudi kama mjeledi.

Gia ya kwanza, kaza mnyororo polepole, ndipo uvute. Matairi yakiteleza, simama, usiongeze mafuta. Kwenye mteremko mkali usivute kabisa, maana mzigo utakufuata na mnyororo hauwezi kuuzuia.