Wadogo zangu, nomino dhahania za Kiingereza hazitaki tafsiri ya neno kwa neno

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliiandika kwa Kiingereza, usiku kucha. Ndani yake niliweka "many informations", "advices" na "knowledges of computer". Mama aliyenisaili alizizungushia kalamu nyekundu herufi tatu tu, zote s, akanirudishia karatasi bila kunisema. Kazi sikupata, lakini karatasi ile nilikaa nayo siku nyingi nikijiuliza: s zile zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye Kiswahili changu. Sisi husema maarifa haya, matumaini yale, maendeleo yetu, na taarifa tunazihesabu moja, mbili, tatu. Kiingereza kinaziona nyingi kati ya hizo kama tunavyoyaona maji: huhesabu maji, unahesabu ndoo. Kwa hiyo ni "information", "advice", "progress", bila s, na ukitaka kuhesabu unaazima ndoo: "a piece of advice", "two pieces of information". Angalieni sana neno "experience", maana kila barua ya kazi inalo. Uzoefu wa kazi ni "experience" bila s. Ukiongeza s, msomaji anaelewa mambo yaliyowahi kukupata maishani.

Jambo la pili ni ile u- yetu. Tumezoea kuibandika tu: huru, uhuru, rafiki, urafiki, mtoto, utoto, mpole, upole, kweli, ukweli, maskini, umaskini. Kwa Kiingereza maneno hayo sita ni "freedom", "friendship", "childhood", "gentleness", "truth" na "poverty". Kila moja lina mkia wake. Mimi nilijaribu kutafuta kanuni moja ya kuifunika yote, nikapoteza muda. Sifa nyingi za kawaida, yaani vivumishi kama "gentle", hupokea "-ness", hilo litakusaidia. Mengine yashike kama unavyoshika majina ya majirani.

Ila kosa ninalolisikia kila siku, hata kwa waliomaliza kidato cha sita, ni la "nina". Nina furaha, nina hasira, nina njaa, nina usingizi, nina uhakika. Sisi hali tunakuwa nayo. Tunashika nomino mkononi. Mwingereza hali hiyo anaifanya sifa: "I am happy", "I am angry", "I am hungry", "I am sleepy", "I am sure". Mwanafunzi akiniambia "I have happiness to meet you", namwelewa vizuri kabisa, kwa sababu namsikia akisema "nina furaha kukutana nawe". Na wengine huteleza upande wa pili: "I am success", wakati anataka kusema "I am successful". Kabla hujatamka "I have", jiulize kwanza kama Kiingereza hakina sifa ya hali hiyo. Mara nyingi kinayo, na ndiyo inayotumika.

Halafu kuna kitenzi "fanya", ambacho kwetu kinabeba mizigo mingi. Kufanya uamuzi ni "make a decision". Kufanya kosa ni "make a mistake". Kufanya utafiti ni "do research". Kanuni ya kuaminika hapa mimi sijaiona. Nomino ijifunze pamoja na kitenzi chake, siku hiyohiyo.

Kuhusu matamshi nitasema kidogo. Neno lenye "-tion" hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili chetu, kwa hiyo "education" haitakusumbua. La "-ity" hukazwa ya tatu kutoka mwisho: "possiBIlity", "elecTRIcity". Hapo ulimi wetu hutaka kuchelewa.

Daftari langu la sasa halina orodha ya maneno na tafsiri zake. Nikikutana na nomino mpya naiandika ndani ya sentensi nitakayoitumia kesho yake kazini, na chini yake kitenzi na sifa za ukoo wake. Wiki hii ukurasa wa juu unasomeka: "We made a decision on Monday." Chini yake: "decide", "decisive".