Kano ipi ya kutengenezea ligamenti ya goti?

Ligamenti ya mbele ya goti, ACL, yaani utepe unaofunga mfupa wa paja na wa mguu, ikikatika kabisa, mara nyingi daktari hutengeneza nyingine kwa kano, utepe unaoshika msuli kwenye mfupa, inayotolewa kwingine. Itatoka wapi? Muulize kabla hujasaini fomu, na umweleze unavyolitumia goti lako kila siku.

Mimi nilitolewa kano mbili za nyuma ya paja. Sababu yangu kubwa ilikuwa sala. Ukitolewa ile ya chini ya pia ya goti, kupiga magoti huweza kuuma kwa muda mrefu, nami nasujudu kila siku. Leo nasujudu bila shida. Hasara ninayo pia: nikilala kifudifudi nikavuta kisigino kuelekea makalioni, mguu uliopasuliwa huishiwa nguvu kabla ya mwenzake. Na chini ya goti, upande wa nje, kuna ngozi iliyokufa ganzi. Nikipaka mafuta, kiganja kinahisi, ngozi haihisi.

Lakini kijana wa mpira, unayekimbia na kugeuka ghafla, usiikatae kano ya pia kwa sababu niliikwepa mimi. Hiyo hukatwa pamoja na kipande cha mfupa kila ncha, na mfupa hushikana na mfupa mwenzake mapema kuliko kano tupu. Kano ya juu ya pia nayo ni nene na siku hizi inatumika zaidi, ila misuli ya mbele ya paja huchelewa kurudi. Kano iliyotolewa kwa marehemu inakuepusha na jeraha la pili, lakini kwa vijana wanamichezo hukatika tena mara nyingi zaidi. Kijana wangu mwenyewe nisingemshauri.

Ukichagua za nyuma ya paja kama mimi, uliza daktari atafanyaje akizikuta nyembamba. Zikishakunjwa pamoja zikawa na unene wa chini ya milimita 8, hatari ya kukatika tena huongezeka. Uliza pia ni aina ipi anayoifanya mara nyingi zaidi.

Kwa aina yoyote, uwanjani usirudi kabla ya miezi 9. Miezi ya mwanzo kano mpya hudhoofika kwanza ndipo mwili uijenge upya, na hapo maumivu yameshaisha, unajiona umepona. Kwenye hesabu ya upasuaji weka nauli ya fiziotherapia ya miezi yote hiyo, na uulize bima yako italipia mara ngapi.