Uliza klasi kabla hujauliza wati

Wadau, nilipofunga mtambo wa upepo shambani kwetu Singida, kosa la kwanza nililifanya dukani, hata shimo la nguzo sijachimba. Niliuliza wati ngapi, bei gani, waranti ipo, basi. Nyuma ya jenereta kulikuwa na kibandiko kimeandikwa IV, mimi nikadhani toleo la nne, yaani mpya kabisa, na muuzaji naye akaitikia tu.

Kumbe ile IV ni klasi ya upepo. Mitambo midogo ina standadi yake ya kimataifa, IEC 61400-2, inahusu ile ambayo eneo linalofagiwa na mapanga halizidi mita za mraba 200. Klasi I ni ya sehemu yenye upepo wa wastani wa mita 10 kwa sekunde kwa mwaka, II ni 8.5, III ni 7.5, na IV mita 6. Halafu kuna namba nyingine ndo ya kuangalia sana, upepo mkali unaotarajiwa mara moja ndani ya miaka 50, ukipimwa kwa wastani wa dakika 10: klasi I inahesabiwa mita 50 kwa sekunde, IV mita 30 tu. Usiseme tofauti ndogo hiyo, msukumo unapanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo hapo ni karibu mara tatu!

Sio kwamba IV ni mbovu. Sio kama daraja la kwanza na la tatu kwenye treni. Imetengenezewa sehemu tulivu, basi. Angalia Ziwa Turkana kule Kenya, upepo mkali balaa, wamesimamisha mitambo 365 na kila mmoja ni kilowati 850 tu, mapanga yake mita 52 ncha kwa ncha, na aina hiyo ni ya klasi I.

Mimi IV yangu niliisimamisha jirani na mkwaju, eti kivuli cha kukalia wakati wa kukaza waya. Upepo ukishapita kwenye mti unavurugika, panga la juu linasukumwa huku la chini kule, boliti zinachoka taratibu. Kiangazi kilipokolea, usiku mmoja nikasikia mlio kama bati linaburuzwa, asubuhi nakuta nati mbili zinang'aa kwenye majani na panga moja limechoma paa la banda la mbuzi. Mbuzi wazima, namshukuru Mungu.

Sasa ushauri wangu: nguzo ipite kwa mita 10 kitu chochote kirefu kilichopo ndani ya mita 100, nati zikazwe upya baada ya wiki chache za mwanzo, na kabla ya zege pima urefu wa nguzo chini pande zote uone ingeangukia nini. Wamarekani kwenye ASCE 7, standadi yao ya ujenzi, wanapanga majengo makundi manne kwa swali hilohilo, likianguka nani anaumia: banda la shambani kundi I, hospitali kundi IV. (Huku nne ndo kali kuliko zote, kwenye upepo wa mitambo midogo nne ndo laini, msichanganye kama mimi.)

Nguzo mpya iko upande wa shamba la alizeti, mbali na njia ya watoto wa jirani kwenda kisimani. Kibandiko kinasoma II.