Ule ukoko mweupe kwenye risasi ya baharini: adimu ndiyo, pesa hapana

Assalaam alaykum wakuu. Nimechelewa kuuona huu uzi, umeme huku kwetu ulikatika toka juzi. Kwa waliokuja nyuma kama mimi, mdau kauliza hivi: alikuwa anapiga mbizi upande wa Nungwi, kaokota kipande kizito cha risasi (ile metali, si ya bunduki), kinafanana na chubwi la zamani, ule uzito wa kuzamishia mshipi, kimefunikwa ukoko mweupe na ndani ya vishimo vyake mna vijipande vinametameta kama kioo. Kuna mtu kijiweni kamwambia hayo madini adimu ya kloridi ya risasi asiuze bei ya kutupa. Sasa anauliza kweli au anatiwa ujinga.

Mkuu, huyo mtu wa kijiweni kasema kweli nusu, na hiyo nusu nyengine ndiyo itakayokutia hasara. Mimi si mjiolojia, nimesoma kemia na nimefanya kazi maabara ya skuli hapa Unguja miaka kadhaa, ila hicho kitu chako nshakishika kwa mikono yangu, tena kwa ujinga, ntakuhadithia.

Ami yangu alikuwa mvuvi wa mshipi Pemba, huko Kojani. Machubwi yake alikuwa anayamimina mwenyewe, anachukua risasi chakavu anaiyeyusha kwenye kopo juu ya moto wa vifuu (risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, moto wa jikoni unaiweza) kisha anamimina kwenye shimo la mchanga. Alipofariki nikaletewa kopo lake la samli limejaa machubwi ya zamani, mengine aliyaokota mwenyewe kwenye miamba maji yakitoka, hayajulikani ni ya nani wala ya lini. Kopo lilikuwa na maji ya bahari yaliyokauka. Mawili matatu kati ya hayo yalikuwa na huo ukoko unaousema wewe, mweupe, mzito, ukiukwaruza kwa ukucha unatoka unga, na penye ufa unaona vijisindano vyembamba vinang'aa. Nami nikaruka, nkasema hii almasi, au basi angalau kitu cha kunitoa.

Nikaenda nacho maabara siku ya mapumziko. Nikakwangua unga kidogo, nikautia asidi ya naitriki nyepesi, ukatoa mapovu kidogo (maana yake mna karbonati), ukayeyuka wote isipokuwa masalia meupe kidogo chini. Nikadondosha naitreti ya fedha (dawa ya kupimia kloridi, ambayo imo pia kwenye chumvi ya kawaida), papo hapo ukungu mweupe mzito kama tui. Kloridi! Nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani najisifu nimepata madini ya kloridi ya risasi, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza swali moja tu: "Uliiosha chumvi ya bahari kwanza?"

Nilinyamaza mimi. Kitu kimekaa baharini na kwenye kopo la maji ya chumvi miaka yote hiyo halafu mimi nakipima kloridi bila kukiosha, ni sawa na kuonja mchuzi wa jirani ukasema umepika wewe.

Basi nikarudia. Nikauosha unga kwa maji safi ya maabara, yale ya mvuke uliokusanywa, kila nikimwaga maji ya kuoshea nayapima kwa naitreti ya fedha. Mara ya kwanza ukungu mzito, mara ya pili umepungua, ya tatu mwepesi, ya nne mwepesi, ya tano vilevile mwepesi. Yaani ile chumvi ya mezani iliondoka lakini ukungu haukwisha kabisa, kila nikiosha unatoka kidogo kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuamini, kwa sababu kloridi ya risasi ndiyo tabia yake hiyo, haiyeyuki kwa fujo kama chumvi wala haigomi kabisa kama jiwe. Lita moja ya maji ya kawaida inachukua kiasi cha gramu 10 tu, ukiyachemsha inachukua mpaka gramu 33 hivi. Na unga uliobaki baada ya kuosha, nilipouyeyusha kwa asidi, ulitoa ukungu mzito tena. Maana yake kloridi ilikuwa imefungwa ndani ya ukoko wenyewe, si maji ya bahari yaliyokaukia juu.

Kuhakikisha risasi ndo rahisi, dondosha iyodidi ya potasiamu unapata njano kali kama bizari manjano. Halafu kama una moyo chemsha hayo maji mpaka njano ipotee, acha yapoe polepole uangalie kwenye mwanga, zinashuka chembe za dhahabu zinageuka geuka, wanafunzi wangu wanazipenda kuliko kitu chochote mle maabara. Hiyo iyodidi ya risasi nayo ni ndugu wa hicho chako, ni risasi na halojeni tu (jamii ya klorini na iyodini).

Sasa kwa nini inaitwa adimu. Risasi ardhini mara nyingi hukaa na salfa, ndiyo galena ile nyeusi inayong'aa. Ikianza kuoza kwa maji na hewa, risasi inayotoka inanyakuliwa kwanza na salfati na karbonati, na hizo zimejaa kwenye maji ya ardhini kila mahali, kloridi inakuta sahani tupu. Ili kloridi ipate zamu yake unahitaji chumvi nyingi mno, au moto. Na hata ikipatikana, mvua ikinyesha inaiyeyusha kidogo kidogo. Kwa hiyo inapatikana sehemu za ajabu ajabu tu.

Ya moto ni kotuniti, kloridi ya risasi tupu, PbCl2. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1825 kutoka mlima wa volkano wa Vesuvius kule Italia, ikapewa jina la Domenico Cotugno, daktari wa Napoli. Inajijenga kwenye matundu yanayotoa mvuke wa moto, mvuke ukipoa inaganda kama sindano nyeupe. Laini, ukucha unaweza kuikwaruza, lakini uzito wake karibu mara sita ya maji, ukishika kipande unashangaa.

Ya chumvi ndiyo inayokuhusu wewe. Ugiriki kuna mahala panaitwa Lavrio, zamani Laurion, Waathene walichimba fedha huko, na fedha ile ndiyo iliyowatengenezea merikebu zao za vita karne ya 5 kabla ya Kristo. Madini yenyewe yalikuwa ya risasi yenye fedha ndani, wakishayayeyusha takataka zake wanazitupa, nyengine zikaingia baharini. Bahari ikafanya kazi miaka elfu mbili na zaidi, polepole, kwenye vile vishimo vya mapovu ndani ya takataka, na karne ya 19 watu walipokwenda kuangalia wakakuta fuwele ndogo ndogo ambazo hawajawahi kuziona. Laurioniti ilielezwa mwaka 1887, hiyo ni kloridi yenye haidroksidi, PbCl(OH), haina rangi au nyeupe, inang'aa kama almasi kwelikweli (kwa hiyo usijione mjinga, nami niliingia humo humo). Ana pacha wake paralaurioniti, kemia ile ile ila fuwele zimepangwa vyengine, vibapa vyake vyembamba vinapindika bila kuvunjika. Wako na wengine mtaa huo huo, fiedleriti, penfieldite... nyumba moja ya ndugu.

Ziko na zisizotaka bahari wala volkano. Matlokiti ya Derbyshire Uingereza ina florini na klorini pamoja, ya manjano, ilielezwa 1851. Boleiti ya Meksiko ina shaba na fedha ndani, vipande vya mraba buluu iliyoiva, hiyo ukiiona hutaki kuiwacha. Fosijeniti ina kloridi na karbonati, inakatika kwa kisu, na ukiimulika kwa taa ile ya kukagulia noti za bandia inawaka manjano. Jaribu chako dukani kwa mtu wa M-Pesa usiku, ila isikudanganye, hata ukoko wa matumbawe nao unaweza kuwaka.

Sasa rudi kwetu. Visiwa hivi, Unguja na Pemba, ni matumbawe, chokaa, mchanga na udongo wa bahari, hakuna mshipa wa risasi chini wala volkano. Kwa hiyo risasi yoyote unayoikuta baharini hapa imeletwa na mtu: chubwi, uzito wa wavu, betri, au kitu cha meli. Na meli zimezama hapa, Glasgow ya Sultani ilizamishwa bandarini 1896, Pegasus ya Waingereza 1914, na majahazi yasiyo na idadi. Huo ukoko basi ni risasi ya mtu iliyokula chumvi. Ndiyo maana nasema nusu kweli: kloridi zake ni adimu kama madini, lakini wataalamu siku hizi kitu kilichotokana na vitu vya binadamu hawakihesabu madini mapya, zile za Lavrio zilishapewa jina zamani zikaachiwa. Na wanaokusanya fuwele wananunua umbo, fuwele nzima yenye pembe zake na mahali ilipotoka, si ukoko wa unga. Na jina kamili hutalipata kwa ukucha wala kwa asidi yangu, inataka mashine ya eksirei, kwa sababu ukoko wa namna hii ni mchanganyiko wa salfati, karbonati na kloridi. Changu mpaka leo sijui ni kipi kati yao.

Kuna mdau hapo juu kasema huo ukoko usagwe utiwe kwenye wanja. Jamani. Naelewa ametoa wapi, mwaka 1999 wanasayansi walipima wanja wa Misri ya kale uliohifadhiwa makumbusho ya Louvre, wa kama miaka 2000 kabla ya Kristo, wakakuta laurioniti na fosijeniti ndani, tena za kutengenezwa, watu wale walikuwa wanachanganya oksidi ya risasi na chumvi kwenye maji, wanamwaga, wanarudia wiki kadhaa. Yaani mapishi kabisa. Bibi yangu naye wanja wa manga hakuukosa, akitupaka tangu wachanga. Lakini hii inayeyuka kidogo kwenye maji, na machozi ni maji, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, watoto ndo kabisa. Mimi ule unga niliukwangua bila glovu na bila kufunga pua, mwalimu alinisema kwa hilo kuliko kwa ile chumvi.

Mkuu, usikikwangue tena, kitie kwenye chupa yenye kifuniko, nawa mikono, kiweke mbali na watoto. Kama kina umbo la kitu cha meli, alama au maandishi, wapelekee watu wa mambo ya kale kabla hujamuonesha mfanyabiashara. La si hivyo, weka picha ya karibu ya hivyo vishimo kwenye mwanga wa jua, na utwambie ulikikuta kwenye mchanga au kwenye matope meusi yanayonuka, maana matopeni risasi inageuka nyeusi tena, inarudi kuwa galena, na hapo ntabidi nifute nusu ya haya niliyoandika.